Mlango Aliofunguliwa Wilma

Ukiuliza watu kuhusu Wilma Rudolph, utapewa ile stori fupi. Msichana mweusi wa Tennessee, Marekani, mtoto wa 20 kati ya 22. Polio ikamshika mguu akiwa mdogo, akavalishwa chuma. Halafu Olimpiki ya Roma 1960 akashinda dhahabu 3: mita 100, mita 200 na mbio za kupokezana vijiti. Makofi, machozi, mwisho.

Yote ni kweli. Shida ni kwamba ukiisoma hivyo unabaki ukidhani ilikuwa bidii ya msichana mmoja na Mungu wake tu. Hebu twende Nashville kidogo.

Chuo chake siku hizo kiliitwa Tennessee A&I. Jina la Tennessee State University lilikuja 1968. Kilikuwa chuo cha watu weusi, katika jimbo lenye sheria za ubaguzi. Timu ya wasichana ya riadha iliitwa Tigerbelles, na kocha alikuwa Ed Temple, aliyeishika kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950 hadi 1994.

Doo haikuwepo. Kwa miaka mingi wasichana hawakuwa na skolashipu ya riadha. Ulikuwa unapewa kazi kampasini, saa 2 kila siku, ndio upate karo. Darasa, kazi, tizi, yote siku moja. Wakienda mashindano walibanana kwa gari, kocha mwenyewe akiendesha. Chakula walibeba, juu hoteli za wazungu hazingewahudumia. Na choo? Kichakani, kando ya barabara. Fikiria unashuka kwa gari baada ya safari kama hiyo, halafu unatarajiwa kushinda.

Chenye walikuwa nacho ni mpangilio. Kila likizo ya kiangazi Temple aliita wasichana wa shule za upili waje wafanye tizi na wale wakubwa. Wilma aliingia kwa njia hiyo. 1956, akiwa na miaka 16, alienda majaribio ya timu ya Olimpiki pamoja na Mae Faggs, Tigerbelle aliyekuwa ameshakimbia Olimpiki mbili. Mae akamwambia asimwache, afanye kila anachofanya yeye. Wilma akamfuata, akafuzu. Kule Melbourne wakapata shaba ya vijiti, na wote wanne kwa ile timu walikuwa wasichana wa Temple.

Sasa ile sehemu watu huruka. 1958, akimalizia shule ya upili, Wilma alipata mtoto. Temple alikuwa na sheria kwamba mama hawezi kuwa kwa timu, na huyu hakuwa mtu wa kucheza na sheria zake. Kwa Wilma akailegeza. Mtoto akaachwa na familia, Wilma akaingia chuo mwaka huo huo. Miaka 2 baadaye, Roma.

Hapo ndio mimi hukwama. Dhahabu 3 zilining'inia kwa mzee mmoja kubadilisha mawazo. Angesema "sheria ni sheria", leo hatungekuwa na stori. Na ni wangapi waliambiwa hivyo? Hao hatuna majina yao, kwa sababu hawakufika hata mstari wa kuanzia. Lakini kwani humjui mmoja? Yule wa darasa lenu aliyekuwa anawaacha wote mita 400. Muhula uliofuata hakurudi. Kila mtu alijua ni kwa nini, na hakuna aliyeuliza atarudi lini.

Roma, ile timu ya vijiti ya Marekani ilikuwa Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma. Wote wanne, chuo kimoja. Mji wa nyumbani kwao Wilma, Clarksville, ulipotaka kumfanyia sherehe, alikataa mambo ya weusi huku na weupe kule. Ikawa sherehe ya kwanza ya mji huo ambayo watu walikaa pamoja.

Na mlango haukufungwa nyuma yake. Wyomia Tyus, Tigerbelle mwingine, alishinda mita 100 Tokyo 1964, akarudia Mexico 1968. Hakuna binadamu, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa ametetea dhahabu ya mita 100 kabla yake. Mexico hiyo hiyo ndio Kenya ilipeleka wanawake Olimpiki mara ya kwanza: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Dhahabu yetu ya kwanza ya mwanamke, ya Pamela Jelimo mita 800, ilikuja 2008. Miaka 40 baadaye. Talanta ilikuwa huku miaka hiyo yote, hiyo sina shaka.

1972 Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwa shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Polepole vyuo vikubwa vikaanza kutoa skolashipu kwa wasichana. Miaka mingi baadaye Sally Kipyego wetu alipitia mlango huo, akashinda mataji 9 ya vyuo vya Marekani akiwa Texas Tech, halafu fedha ya mita 10,000 kwa Olimpiki ya London 2012. Lakini Tigerbelles walikuwa wameonyesha inawezekana miaka 20 kabla ya sheria hiyo, kwa gari la kubanana na kazi za saa 2.

Hesabu ya Temple ilifika hivi: wanariadha 40 wa Olimpiki, medali 23, na kati ya hao 40, 39 walimaliza masomo. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii. Ila mimi niliacha. Sikufungiwa nje. Hizo ni vitu mbili tofauti kabisa.

Kwa hivyo yule wa mita 400, kama bado una namba yake, mpigie leo. Muulize kama bado anakimbia. Na kama wewe ndio mwalimu wa michezo, au uko kwa kamati ya michezo ya chuo, mfungulie.