Waya wa Simu wa Chini ya Bahari na Maamuzi ya Agosti 1896 Unguja

Upelekaji wa maandishi kwa waya kutoka Unguja haukuanza na kompyuta. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo, barua ya kwenda London ilitegemea meli, na jibu lilisubiriwa kwa wiki nyingi.

Uzito wa mabadiliko hayo ulidhihirika mwaka 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akatwaa kasri. Siku hiyohiyo Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alipeleka simu London kuomba idhini ya kutumia mizinga ya manowari. Idhini ikamfikia kesho yake. Tarehe 27, saa 3 asubuhi, muda wa onyo ulikwisha na kasri likashambuliwa kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Kwa hiyo, kasi ya waya haikupanua nafasi ya suluhu. Iliuhamishia uamuzi London. Historia ya upelekaji wa taarifa Zanzibar, hata zama hizi za intaneti, haina budi kumchunguza pia anayezipokea na mamlaka aliyonayo.