Msalaba wa Gosforth na Hadithi za Kale

Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria, kijijini Gosforth, jimbo la Cumbria, kaskazini-magharibi ya Uingereza, husimama msalaba wa jiwe la mchanga jekundu. Kimo chake ni karibu mita 4.4, chini ni mviringo kama shina la mti, juu una pande nne. Ulichongwa katika karne ya 10, watu wa asili ya Norwe walipokuwa wamekwisha kufanya makao katika nchi ile. Lugha yao haikufutika: hata leo wenyeji huita kijito beck na mlima fell, na maneno hayo mawili yatoka kwao.

Wageni hao walikuja na hadithi za miungu yao, nazo zimechongwa msalabani. Upande wa magharibi yuko Loki, mwenye hila, amefungwa. Mkewe Sigyn ameshika bakuli kukinga sumu ya nyoka isimdondokee mumewe. Upande wa mashariki yuko mtu apasuaye taya la mnyama. Wataalamu wengi humtambua kuwa ni Vidar, amwuaye mbwa-mwitu Fenrir ili kumlipizia kisasi babaye, Odin. Chini yake, upande uo huo, yuko Kristo amenyosha mikono, pamoja na mtu mwenye mkuki, na mwanamke aliyesuka nywele na kuvaa vazi refu la watu wa kaskazini.

Msalaba hauna maandishi, hata neno moja. Kwa hiyo hufasiriwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba wachongaji walichanganya imani mbili. Wengine husema ni mafundisho, na neno lao lina nguvu. Kwani Loki afunguliwapo ndio mwisho wa dunia, na katika mwisho huo miungu wakuu hufa. Vidar ni mmoja wa wachache wanaosalia. Mwana ashindaye mauti ya mwisho amewekwa juu ya Mwana aliyesulibiwa, na jiwe zima ni msalaba.

Hadithi hizi Snorri Sturluson wa Iceland aliziandika kitabuni karibu na mwaka 1220. Jiwe limemtangulia kwa zaidi ya miaka 200. Laiti mwalimu wa siku zile angalizifuta hadithi za wanafunzi wake, tungalikosa shahidi huyu. Yeye alizisikiliza kwanza, akazijua hata mwisho wake, ndipo akafundisha.