Maji ya mtaro na shamba la mwisho

Wakaaji wa Kikula, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji na kupokelewa hapa Likasi, kila kiangazi, bustani za lengalenga zinapoanza kunyweshwa, ugomvi ni ule ule: aliye kwenye mdomo wa mtaro anashiba maji, aliye mwisho anangoja. Na mara nyingi wa mwisho ni mgeni, kwani shamba hilo ndilo lililobaki.

Shida hii ni ya zamani kuliko mji wetu. Huko Engaruka, kaskazini ya Tanzania, watu walilima kwa mifereji ya mawe toka karne ya 15 hadi ya 18, na mabaki ya mashamba yao yameenea karibu hekta 2,000. Waliongoza maji kwa jicho na mteremko tu.

Hesabu ilikuja nyuma. Mwaka 1871 Mfaransa Saint-Venant aliandika kanuni za maji yanayokimbia katika mfereji. Lakini mtaro wa shamba si bomba, maji yanasonga huku udongo unayanywa. Mwaka 1932 Mrusi Kostiakov alionyesha namna udongo unavyokunywa: mwanzoni kwa pupa, halafu polepole. Katika udongo fulani, saa 4 za maji zinaingiza mara 2 tu ya saa 1.

Tuseme mizizi inahitaji saa 4 za maji. Yakichukua saa 4 kufika mwisho, ya mdomoni yatakaa saa 8, na huko yatazidi hitaji kwa karibu asilimia 41. Yakifika kwa saa 1, ziada inashuka mpaka karibu 12. (Mimi hesabu za shule zilinitesa, lakini hii niliielewa.) Basi anayefungua maji kidogo kidogo akidhani anayaokoa, anamnyima jirani. Ni bora kufungua kwa nguvu kwanza, bila kubomoa udongo, kisha kupunguza yakishafika.

Mwaka 1982 Elliott na Walker wa Marekani walionyesha kwamba nyakati mbili zinasaidia kukadiria unywaji wa udongo: maji yanapofika katikati ya mtaro, na yanapofika mwisho, pamoja na kipimo cha maji yanayoingia. Ninyi wa shamba la mwisho, simikeni vijiti viwili, tazameni saa ya telefoni, andikeni, mpelekeeni anayegawa zamu.