Nyumba Kwanza, Mkopo Baadaye

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba hadi Chanika, maboma ni mengi. Kuta za tofali za inchi sita zimesimama, lenta imeshamwagwa, nondo zinachomoza juu, na katika chumba kitakachokuwa sebule mwenyewe kapanda mahindi. Hana deni la nyumba benki. Anajenga kwa mshahara, kwa mgawo wa kikoba, kwa pesa ya mavuno. Akipata mifuko mitano ya saruji humwita fundi. Ikiisha, kazi inalala.

Wengi huona hapo umaskini tu. Hawaioni karatasi iliyokosekana kwa karibu miaka mia moja.

Kariakoo ya enzi za Waingereza ilijengwa kwa sehemu kubwa na wakazi wake. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati na uani nyuma, ilisimamishwa kwa miti na udongo, ikaezekwa makuti au madebe yaliyokunjuliwa, na vyumba vikapangishwa kimoja kimoja. Kodi ya chumba cha mbele ilisaidia kununua bati la chumba cha nyuma. Ilikuwa biashara hai, lakini haikuwa na cha kuweka rehani. Mwafrika alikalia kiwanja kwa haki ya muda mfupi, ilhali hati za miaka mingi zilikuwa za mitaa ya Wazungu na Wahindi. Juu ya hapo, sheria ya mikopo kwa wenyeji ilimnyima mkopeshaji nguvu ya kumdai Mwafrika mahakamani kama serikali haikuidhinisha deni hilo. Iliitwa ulinzi. Kwa mjenzi ilikuwa mlango uliofungwa.

Baada ya uhuru mlango ukafunguliwa kidogo. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, na mwaka uliofuata serikali ikaingia katika mradi wa viwanja na huduma kwa fedha za Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa, barabara na mabomba yakapelekwa, kisha mwenye kiwanja akaachiwa ajenge mwenyewe, huku Benki ya Nyumba ikitarajiwa kumkopesha. Hilo lilikuwa wazo bora kuliko mengi yaliyolifuata, kwa sababu lilimkuta mjenzi alipo: chini, kwenye msingi, kabla ya paa.

Halikudumu. Masharti ya vifaa vya kudumu yaliwashinda wenye kipato cha chini, na viwanja vingi vikaishia kwa wenye uwezo zaidi. Miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30, shilingi iliyorejeshwa ikawa na thamani ndogo kuliko iliyokopeshwa, na wadaiwa wengi hawakulipa kabisa. Mwaka 1995 benki hiyo ikafa. Jiji likaendelea kukua bila kuingoja, na sehemu kubwa ya wakazi wakajenga mahali pasipopimwa.

Tangu hapo serikali imeshughulika na karatasi. Mwaka 2004 Sheria ya Ardhi ya 1999 ilirekebishwa ili benki ziweze kuuza nyumba ya mdaiwa kwa urahisi zaidi, na Dar es Salaam ikaanza kutoa leseni za makazi kwa walio kwenye maeneo yasiyopimwa. Leseni za kwanza zilikuwa za miaka miwili. Benki inayokopesha kwa miaka 15 ingezishika vipi kama dhamana? Mwaka 2008 ikaja sheria mahususi ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu.

Bado madeni yote ya nyumba nchini hayafiki asilimia 1 ya pato la taifa. Benki hutaka hati miliki, kibali cha ujenzi na ripoti ya mthamini. Mwenye boma mara nyingi ana karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Benki kadhaa zina mikopo ya kumalizia ujenzi, nayo inamfaa aliyepimiwa kiwanja na mwenye mshahara unaopitia benki. Mama lishe aliyefikisha lenta kwa miaka minane hayumo humo, ingawa miaka hiyo minane ni ushahidi wa nidhamu ya fedha ambao hati miliki haiwezi kuuonyesha. Benki ingeweza kumpimia mkopo hatua kwa hatua, msingi, kuta, kisha paa, kwa sababu ndivyo anavyojenga tayari.