VLAN: Namna ya kutenga mitandao katika ofisi ndogo

VLAN ni mbinu ya kugawa mtandao mmoja wa tarakilishi uwe mitandao kadhaa iliyotengana, pasi na kutandaza nyaya mpya wala kununua mitambo ya kila kundi. Vifaa hubaki vimeunganishwa kwenye swichi ile ile, lakini kila kundi hufanya kazi kana kwamba lina mtandao wake pekee.

Katika ofisi nyingi ndogo, tarakilishi ya mhasibu, printa, kamera za usalama na simu za wageni hutumia mtandao mmoja. Mathalani, mgonjwa anayepewa neno la siri la waifai katika zahanati huwa, bila kujua, ameingia katika mtandao wenye rekodi za wagonjwa wenzake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti, na humtaka anayezishughulikia achukue hatua za kiufundi za kuzilinda.

Hatari haitoki kwa wageni peke yao. Mnamo Oktoba 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vingi vilivyoachwa na maneno ya siri ya kiwandani, ikavitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani. Tovuti kadhaa mashuhuri hazikupatikana kwa saa nyingi siku hiyo.

Wazo la VLAN lilitokana na kazi ya mhandisi Mmarekani W. David Sincoskie katika kampuni ya utafiti ya Bellcore, miaka ya 1980. Kiwango kinachotumiwa na watengenezaji wote, 802.1Q, kilichapishwa na shirika la wahandisi la IEEE mwaka 1998. Kwa mujibu wa kiwango hicho, kila kifurushi cha data hubandikwa lebo ya baiti 4 yenye nambari ya mtandao wake. Nambari zinazoweza kutumika ni kuanzia 1 hadi 4094.

Anayetaka kutenga mitandao huhitaji vifaa vitatu: swichi inayokubali kupangwa, ruta inayoelewa VLAN, na kituo cha waifai kiwezacho kutangaza majina zaidi ya moja. Swichi za bei ya chini kabisa, ambazo huchomekwa tu na kuanza kazi, hazina uwezo huo.

Hatua ya kwanza ni kupanga makundi kwenye karatasi. Zahanati yaweza kuwa na VLAN 10 ya wafanyakazi, 20 ya wageni na 30 ya kamera. Kila moja hupewa anwani zake, kwa mfano 192.168.10, 192.168.20 na 192.168.30, ili nambari ya tatu ilingane na ya VLAN na kurahisisha kumbukumbu.

Pili, makundi hayo huundwa ndani ya ruta, na huduma ya kugawa anwani, yaani DHCP, huwashwa kwa kila kundi.

Tatu, hupangwa matundu ya swichi. Tundu la tarakilishi au kamera huwekwa katika VLAN moja tu, na data hutoka humo bila lebo. Tundu linaloelekea kwenye ruta au kituo cha waifai hubeba VLAN zote, kila kifurushi kikiwa na lebo yake. Kabla ya kuhifadhi mabadiliko, tundu moja huachwa kando kwa ajili ya msimamizi, asije akajifungia nje ya swichi yake mwenyewe.

Nne, jina la waifai la wageni hufungamanishwa na VLAN 20, na la wafanyakazi na VLAN 10.

Hata hivyo, kazi haijaisha hapo. Ruta nyingi, zisipoelekezwa vinginevyo, hupitisha data kutoka VLAN moja hadi nyingine. Mwenye mtandao aliyeishia hatua ya nne huenda amejenga vyumba na kuacha milango wazi. Sharti ruta ipewe kanuni: wageni waende kwenye intaneti pekee, kamera zisifike popote ila kwenye mtambo wa kurekodi, ambao huwekwa katika kundi lao, wafanyakazi waruhusiwe kuutazama mtambo huo. Aidha, ukurasa wa kusimamia ruta ufungwe kwa wageni na kamera.

Uthibitisho ni rahisi. Simu huunganishwa kwenye waifai ya wageni, kisha hujaribiwa kufungua ukurasa wa ruta, printa na tarakilishi ya ofisi. Chochote kati ya hivyo kikifunguka, kanuni zina kasoro.

VLAN haifichi data kwa usimbaji, wala haizuii kirusi kuenea baina ya vifaa vya kundi moja. Kwa hivyo maneno ya siri ya kiwandani bado lazima yabadilishwe, na programu za vifaa zisasishwe. Kwa nyumba isiyo na zaidi ya simu na runinga, chaguo la mtandao wa wageni lililomo katika ruta nyingi huenda likatosha. Bali palipo na rekodi za watu wengine, utengano kamili ni sehemu ya wajibu wa anayezihifadhi.