Mbwa, kinga na sheria ya mwaka 1888

Kwenye barabara yetu ya kutoka Baraka kwenda Mboko kinga ndiyo kamyo ya mtu mdogo. Inabeba mihogo, samaki, makala, na vyombo vya wanaokimbia vita. Mbwa akiikatiza kwenye mteremko, mzigo unamwagika, mwenye kinga anavunjika mkono, na ubishi unaanza. Mwenye mbwa hana neno jingine: mbwa alifunguka mwenyewe, mimi sikuwepo.

Neno hilo lilishajibiwa zamani.

Mwaka 1804, wakati wa Napoleon, Ufaransa iliandika katika Kode sivile yake kwamba mwenye mnyama, au yule anayemtumia, analipa hasara aliyoifanya mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe alipotea au alitoroka. Kinga ilikuwa haijazaliwa bado. Walioandika walifikiria farasi na ng'ombe. Ubelgiji ikaifuata sheria hiyo. Halafu tarehe 30/7/1888 serkali ya Mfalme Leopold II ikatoa dekre juu ya mapatano na madeni, ikaiingiza Kongo karibu neno kwa neno. Mpaka leo iko pale: artikle 261 ya Kitabu cha Tatu cha Kode sivile yetu.

Mwaka uleule wa 1888, kule Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wa mpira wa kinga unaojazwa upepo. Dunia ikataka kauchu, na watu wa Kongo wakapigwa na kuuawa misituni ili ipatikane. Serkali iliyoandika kwamba hasara ya mnyama ilipwe haikuwalipa watu hao. Mimi naona tusisahau jambo hilo tunaposifu uzuri wa artikle.

Isitoshe, sheria ile ya maandishi ilikuwa hasa ya wazungu. Wenyeji walihukumiwa kwa desturi, na dekre ya tarehe 15/4/1926 ikazipanga tribinali za desturi chini ya machefu. Kwetu Babembe wazee tayari walikuwa na lubunga, mahali pa kukaa na kumaliza maneno. Njia hiyo ni ya haraka, haina makaratasi, na watu wanabaki majirani. Lakini mtu aliyehama kwao anafika pale peke yake, bila mjomba wala shemeji wa kumsemea, na mara nyingi anaambiwa asamehe tu kwa kuwa ni mgeni. Artikle 261 haiulizi mtu ametoka kijiji gani.

Tangu mwaka 1968 sheria ya nchi inazo tribinali za amani, zile tunazoita tripe, kwa kesi ndogo kama hizi. Safari na gharama zinawashinda wengi, kwa hiyo kesi inaishia kwa chefu. Si vibaya. Ila ukienda kwa chefu, nenda na fakture ya kituo cha afya, ya fundi wa kinga, hesabu ya mzigo ulioharibika na ya siku ulizolala bila kazi, pamoja na mtu aliyeona. Huna lazima ya kuonyesha kwamba mwenye mbwa alikuwa na roho mbaya. Onyesha kwamba mbwa ni wake na kwamba ndiye aliyekuangusha. Naye anaweza kujibu kwamba ulishuka mbio bila breki, na malipo yakapungua.

Kama mbwa alikuuma pia, kesi ingoje. Osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kimbilia chanjo ya kichaa cha mbwa.

Linabaki swali la wawindaji: mbwa wa kuazimwa akiangusha mtu njiani kwenda porini, nani analipa? Artikle inataja mwenyewe au anayemtumia. Siku ile anayemtumia ni mwindaji, basi yeye ndiye wa kwanza kuitwa.