Maji ya Viwanda vya Kahawa Thika na Ruiru

Reli ilipofika Thika mwaka 1913, kilimo cha kahawa kilishika kasi, na mashamba makubwa yakajenga viwanda kando ya mito: Ruiru, Ndarugo, Chania na Thika. Tunda bivu lilimenywa kwa mashine huku maji yakitiririka, punje zikavundikwa ndani ya matangi ili ute ulegee, kisha zikaoshwa mferejini na kuanikwa kwenye meza za waya. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi, na maganda peke yake ni takriban asilimia 40 ya uzito wa tunda. Zilizobaki ni taka na maji.

Maji hayo, yaliyojaa sukari na ute, yakiingia mtoni hulisha vijidudu vinavyomaliza oksijeni. Samaki hukosa hewa, na maji hunuka. Madhara huzidi mavuno yanapopamba moto, kati ya Oktoba na Desemba, viwanda vyote vikimenya kwa pamoja.

Shamba la Jacaranda, Ruiru, lilinunuliwa mwaka 1944 kwa ajili ya utafiti wa kahawa. Kituo chake kinasifika kwa mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, lakini suala la maji lina uzito uleule kwa wakazi wa bondeni. Njia iliyoenea viwandani ni kuyazungusha: chujio hutenga maganda, maji yakarudi kwenye mashine siku hiyohiyo. Yakilala huchacha na kuharibu ladha ya punje. Mwishowe humwagwa mashimoni yanywee ardhini, nayo maganda huozeshwa kuwa mbolea. Mashimo ni nusu ya dawa tu. Likichimbwa karibu na mto, shimo huvuja humohumo mtoni.

Lililo bora ni kutochanganya maganda na maji tangu mwanzo.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 hazikuruhusu maji machafu kumwagwa mtoni iwapo yalihitaji oksijeni zaidi ya miligramu 30 kwa lita; ya kumenyea kahawa huhitaji maelfu. Sehemu ya mashamba ya Ruiru sasa ni makazi, Tatu City ikiwemo, na wanaotegemea mito hiyo wameongezeka. Chujio la maganda linastahili kuwa sharti la leseni ya kila kiwanda kilichobaki.